Megawati 50 za upepo ni umeme kiasi gani?

Ukisikia "shamba la upepo la megawati 50", usizichukue hizo 50 ukaanza kuzigawa kwa nyumba za Tanga. Huo ni uwezo uliosimikwa, yaani umeme ambao mitambo yote ingetoa kwa pamoja endapo upepo ungevuma vizuri kabisa. Kinachoingia kwenye gridi saa kwa saa ni habari nyingine.

Tufanye hesabu ya shamba la kufikirika pale Kigombe, njia ya kwenda Pangani: mitambo 20, kila mmoja megawati 2.5. Mwaka una saa 8,760. Mitambo hiyo ikizalisha kwa nguvu zote mwaka mzima, itatoa uniti milioni 438, uniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Haitokei. Mwaka ukiisha mita ikasoma uniti milioni 131, shamba limetoa asilimia 30 ya uwezo wake, na kwangu mimi hiyo asilimia ndiyo ya kuulizia kwanza, megawati baadaye. Mashamba mengi ya nchi kavu hucheza kati ya 25 na 40. Lile la Ziwa Turkana nchini Kenya, la megawati 310, huzunguka kwenye nusu na hata kupita, maana pale upepo haukauki.

Pengo linakuwa kubwa hivyo kwa sababu nguvu ya upepo haiendi sambamba na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara 2, nguvu huzidi mara 8. Upepo wa mita 6 kwa sekunde una nguvu asilimia 73 zaidi ya ule wa mita 5, ingawa ukisimama ufukweni ni vigumu kuona tofauti. Chini ya mita 3 hivi mtambo hauzalishi kitu. Kwenye mita 12 au 13 unafika kilele, na upepo ukizidi hapo mapanga hujigeuza kidogo kidogo ili sehemu ya upepo ipite bure, kama nahodha anavyopunguza tanga. Mita 25, mapanga hulazwa kabisa na mtambo husimama. Kwa hiyo siku ya dhoruba inaweza kuwa siku ya hasara.

Tena pwani ina kalenda yake. Kusi ina miezi yake katikati ya mwaka, kaskazi huja kuanzia Desemba hadi Machi, na kati yake kuna tangambili, wakati upepo hauna msimamo. Wavuvi wa Sahare hawahitaji kuelezwa. Ndani ya siku moja nako kuna kupanda na kushuka: mchana nchi kavu hupata joto kuliko bahari, upepo unaingia kutoka baharini na kukolea alasiri, kisha usiku unalegea. Bahati mbaya, watu huwasha taa na televisheni jioni.

Gridi haisubiri. Inataka hezi 50, yaani mapigo 50 ya umeme kwa sekunde, muda wote, hivyo upepo ukishuka, kituo kingine lazima kipande papo hapo. Mitambo ya maji ndiyo mwenza mzuri, kwani huongezwa au kupunguzwa kwa dakika chache. Hale, kwenye Mto Pangani, ina megawati 21 na New Pangani Falls 68. Hale peke yake isingetosha kuziba pengo la shamba kama letu likisimama lote. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, lina nafasi kubwa zaidi ya kucheza nalo.

Ile asilimia ya uwezo ambayo shamba litatoa hukadiriwa kabla hata zege halijamwagwa. Husimikwa mlingoti wa vipimo, mara nyingi wa mita 80 au zaidi, na kuachwa usome upepo mwaka mzima au kupita. Vipimo vya kawaida vya hali ya hewa huchukuliwa mita 10 tu kutoka ardhini, ambako minazi na mapaa huvuruga upepo. Na mpimaji akifika Juni akaondoka Agosti, atakuwa amepima kusi peke yake.