Mbwa Mzee na Kupanda Gari: Maswali na Majibu

Mbwa wetu ana miaka kumi. Zamani aliruka ndani ya buti la gari kabla sijamwita, lakini sasa anasimama nyuma ya gari na kunitazama tu. Je, ni ukaidi wa uzee?

Mara nyingi si ukaidi bali ni maumivu. Mbwa anapozeeka, gegedu inayofunika ncha za mifupa kwenye nyonga, magoti na viwiko huchakaa, na kiungo huvimba na kukakamaa. Mbwa wakubwa kama German Shepherd, Rottweiler na Labrador, ambao familia nyingi za Nairobi huwafuga, huelekea zaidi kupata tatizo hili, na huhesabiwa kuwa wazee tangu wakiwa na miaka saba hivi. Mchunguze anapoamka, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai: je, hatua zake za kwanza ni nzito, au anaramba kiungo kilekile kila siku, au misuli ya mapaja imenywea? Usingoje alie, kwa maana mbwa huweza kuvumilia maumivu ya miezi mingi bila kutoa sauti.

Kupanda kunamshinda, lakini kushuka anaruka mwenyewe. Je, bado anahitaji ubao wa kupandia, yaani ule unaoegemezwa kwenye buti ili mbwa apande na kushuka kwa kutembea?

Anauhitaji, na pengine zaidi wakati wa kushuka. Hata akiwa amesimama tu, miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wa mbwa. Anaporuka chini, kishindo chote huanza kupokelewa na viwiko na mabega ambayo huenda yamekwisha kuchakaa. Kwa kuwa kushuka hakuhitaji nguvu nyingi, mwenye mbwa hudhani hakuna madhara, na dhana hiyo imewaumiza mbwa wengi.

Ubao huo uwe wa namna gani?

Pima kimo kutoka ardhini hadi sakafu ya buti, kisha uzidishe kwa tatu. Kimo cha sentimita 60 kinahitaji ubao wa sentimita 180, ambao mwinamo wake ni kama digrii 20. Ukitumia ubao wa sentimita 120 kwa kimo hichohicho, mwinamo unafika digrii 30, na mbwa mwenye nyonga mbovu ana haki ya kuukataa. Kwa magari yaliyoinuka sana ubao huwa mrefu na mzito, kwa hiyo ni busara kuegesha gari ili nyuma yake ielekee mahali palipoinuka kidogo ndani ya ua, na kimo kitapungua.

Seremala yeyote wa Gikomba au wa kando ya Ngong Road anaweza kuutengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18 iliyoimarishwa kwa mbao chini yake, upana ukiwa sentimita 45 hivi. Juu yake pagongwe zulia au mpira wenye mikwaruzo, kwa sababu ubao mtupu huteleza mvua inaponyesha, na mbwa akiteleza mara moja hatausahau. Ncha ya juu ifungwe kwenye gari isihame.

Anauogopa. Nimvute?

Usimvute hata kidogo. Ulaze chini uani, umpitishe juu yake kwa vipande vya nyama, na baada ya siku chache uegemeze kwenye kidato kimoja cha ngazi. Akishazoea ndipo uuweke garini. Mvalishe mshipi wa kifuani badala ya kumshika shingoni, nawe utembee ubavuni mwake.

Naweza kumpa dawa zetu za maumivu?

Hapana. Ibuprofen na diclofenac huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, na paracetamol huweza kudhuru ini. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, ambaye atampima viungo na uzito, kwa kuwa kupunguza unene hupunguza maumivu, na ndiye atakayeandika dawa inayofaa mbwa. Mbwa aliyeshindwa ghafla kusimama kwa miguu ya nyuma asipandishwe ubaoni; abebwe na watu wawili akiwa amelazwa juu ya blanketi, na afikishwe kwa daktari siku hiyohiyo.