Kubadilisha DNS hakubadilishi intaneti yako

DNS ni mfumo unaotafuta anwani ya IP ya tovuti, yaani tarakimu zinazoitambulisha mtandaoni, kwa kutumia jina lake. Unaandika jina, kifaa chako kinaiuliza seva ya DNS, kinajibiwa kwa tarakimu, kisha kinaiendea tovuti yenyewe. Kubadilisha DNS nyumbani ni kuchagua wa kuulizwa: kwenye mipangilio ya ruta au simu unaondoa anwani ya seva ya DNS iliyowekwa na mtoa huduma wako wa intaneti, unaandika nyingine, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google, 1.1.1.1 ya Cloudflare au 9.9.9.9 ya Quad9.

Hayo ni mepesi. Linaloudhi ni ahadi zinazobebeshwa jambo hili dogo: eti badilisha DNS upate kasi, badilisha DNS usionekane.

Tuanze na kasi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina ya kompyuta zote za mtandao yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa katika taasisi ya SRI huko California, na kila kompyuta ilichukua nakala yake. Mtandao ulipokua, faili likaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS ichukue nafasi yake. Tangu hapo kazi ni ileile ya kutafuta jina, na ikishapata jibu imemaliza. Kwa kanuni za 1987, ujumbe wa kawaida wa DNS haukuzidi baiti 512. Filamu unayoipakua baada ya hapo haipiti kabisa kwenye seva ya DNS. Inapita kwenye laini ileile, kwa kasi ileile ya kifurushi chako. Unachoweza kuokoa ni milisekunde kadhaa kabla ukurasa haujaanza kufunguka, na hata hizo si kila mara, maana majibu huhifadhiwa kwa muda kwenye kifaa. Tena tovuti yenye nakala sehemu mbalimbali ina anwani zaidi ya moja, na seva ya DNS iliyo mbali nawe inaweza kukupa ya nakala iliyo mbali vilevile, ukaambulia kasi ndogo kuliko ya awali.

Kuhusu siri, hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu wanaichanganya DNS na VPN. VPN hubeba mawasiliano yako yote ndani ya njia iliyofichwa. DNS haibebi chochote. Mtoa huduma bado anaona anwani za IP unazozitembelea, na maswali ya DNS ya kawaida yako wazi: anaweza kuyasoma hata ukiwa umeyaelekeza 1.1.1.1. Ipo DNS iliyosimbwa, na ukiiwasha maswali hayo hayasomeki njiani, ila seva uliyoichagua inayasoma yote. Anayejua umeuliza nini amebadilika tu, hajatoweka.

Sababu nzuri za kubadilisha zipo. Quad9, kwa mfano, hukataa kutoa anwani za tovuti zinazojulikana kueneza programu hasidi. Na tovuti zikigoma kufunguka kwa majina ilhali simu ya video uliyokwisha kuianza inaendelea vizuri, shuku seva ya DNS, ibadilishe. Lakini video ikifunguka upesi kisha ikawa inakatakata, jina lilishapatikana zamani. Kagua Wi-Fi, au laini.