"Natoka Kongwa" kwa Kiingereza: dhana potofu na ukweli

Kijana mmoja ninayemfundisha Kiingereza jioni hapa Dodoma alirudi kutoka kwenye usaili amenyong'onyea. Aliulizwa kwao ni wapi, akajibu "I am coming from Kongwa", na msaili akamuuliza alipanda basi la saa ngapi. Hakudhihakiwa. Alieleweka kama alivyosema.

Dhana inayotuponza wengi ni kwamba "natoka" ina tafsiri moja. Kwetu neno hilo hubeba yote: kwetu ni Kongwa, au ndiyo kwanza nashuka stendi. Mazingira ya mazungumzo ndiyo yanayoamua. Kiingereza huamua ndani ya kitenzi chenyewe. "I come from Kongwa" ni asili, na ukihamia Mwanza ukakaa miaka 30 bado ni kweli. "I am coming from Kongwa" ni safari. Ukishafika na kutua mzigo, sentensi imekwisha kazi. Hata zabibu ni hivyo hivyo: "these grapes come from Hombolo" hutaja shamba, ila ukisema "are coming", mnunuzi atatazama barabarani kama lori limetokeza.

Wengine hudhani "made of" na "made from" ni kitu kimoja. Tazama kigoda cha mninga: mbao unaiona na kuigusa, kwa hiyo "made of wood". Divai ni habari nyingine. Zabibu zikishakamuliwa na kuchachuka huzioni tena kwenye chupa, kwa hiyo "made from grapes".

Kisha kuna wanaoamini "derive" na "originate" ni Kiingereza cha wasomi, na "come from" ni cha watoto. Sikubaliani nao hata kidogo. "Derive" asili yake ni Kilatini, kuchepusha maji ya kijito, na linafaa kwa neno lililozaliwa na neno jingine, kama jina la Dodoma lilivyotokana na neno la Kigogo. Mtu hajielezi kwa "I derive from Kongwa". Nayo "is originated from", ninayoikuta kwenye insha kila wiki, ifuteni: ngoma "originated in" mahali fulani, basi.

Mwisho, "result from" na "result in" si pacha. La kwanza hurudi kwenye chanzo, la pili huenda kwenye matokeo. Njaa "results from" ukame. Ukame "results in" njaa.