Sharti la Miezi Sita ya Uhalali wa Pasipoti: Maana Yake na Namna ya Kulihesabu

Kwenye ukurasa wenye picha, pasipoti huonyesha siku iliyotolewa na siku inayokwisha muda wake. Wasafiri wengi huichukulia hiyo ya pili kuwa ndiyo siku ya mwisho ya kuitumia, na kwa nchi iliyoitoa hati hawajakosea. Lakini nchi wanayokwenda ina hesabu yake, na mara nyingi hesabu hiyo huikata miezi sita ya mwisho kana kwamba haipo. Hilo ndilo sharti la miezi sita: siku unayoingia, pasipoti yako iwe imebakiwa na angalau miezi sita kabla ya kuisha, la sivyo hutapokewa hata kama hati bado ni halali kabisa nyumbani. Kwa anayekwenda Dubai, basi, pasipoti ya miaka 10 ni pasipoti ya miaka tisa na nusu.

Sababu yake inaeleweka ukikumbuka pasipoti ni nini. Yenyewe si ruhusa ya kuingia nchi ya watu. Ni ahadi ya nchi iliyoitoa kwamba mwenye hati akirejeshwa kwao atapokewa. Mgeni aliyekuja kwa wiki mbili anaweza kulazwa hospitalini, anaweza kukwama kwa kesi, au safari za ndege zinaweza kusimama zote kwa pamoja, kama zilivyosimama mwaka 2020 wakati wa korona, wageni wakabaki ugenini kwa miezi. Pasipoti ikiisha muda katika hali hiyo, ahadi nayo imekwisha, na mwenyeji hawezi kumrudisha mtu huyo mpaka ubalozi wake umtolee hati ya dharura. Miezi sita ni nafasi ambayo mwenyeji anajiwekea ili asifikishwe huko.

Kinachowachanganya watu ni kwamba sharti hili si moja duniani kote. Idadi ya miezi hutofautiana, na pia siku ya kuanzia kuhesabu hutofautiana, jambo ambalo kwa maoni yangu huponza wasafiri zaidi kuliko idadi yenyewe. Falme za Kiarabu huhesabu miezi sita kuanzia siku ya kuingia. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo, zinataka miezi mitatu tu, ila zinaihesabu kuanzia siku unayopanga kuondoka katika eneo lao, na zinaongeza sharti la pili kwamba pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Afrika Kusini hutaka siku 30 baada ya siku ya kuondoka. Uingereza inatosheka pasipoti ikiwa hai kwa muda wote wa kukaa.

Tuchukue mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye pasipoti yake inaisha tarehe 19 Machi 2028. Akitaka kwenda Dubai kufuata mzigo tarehe 5 Oktoba 2027, miezi sita kutoka siku hiyo inaangukia tarehe 5 Aprili 2028, wakati hati yake imekwisha kufa. Siku yake ya mwisho ya kuingia Dubai ilikuwa tarehe 19 Septemba. Mdogo wake mwenye pasipoti ya tarehe hiyohiyo akienda Ujerumani na kuondoka huko tarehe 25 Novemba 2027, anahitaji uhalali wa kufika tarehe 25 Februari 2028 tu, na anao. Ndugu hao wana hati zenye tarehe moja na wanasafiri msimu mmoja, lakini mmoja anazuiwa na mwingine anapita.

Na asidhani huyo anayezuiwa kwamba atazuiliwa Dubai na maofisa wa uhamiaji wa huko, ambao pengine angeweza kuwaeleza shida yake. Atazuiliwa Dar es Salaam, kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo. Kwa utaratibu wa kimataifa wa usafiri wa anga, abiria aliyekataliwa kuingia hurudishwa na shirika lililomleta, na nchi nyingi hulitoza shirika hilo faini juu yake. Ndiyo maana mhudumu wa kaunta hufungua masharti ya nchi uendayo kwenye kompyuta kabla ya kukupa kibali cha kupanda ndege. Tarehe yenyewe haitegemei macho yake. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu inayosomwa na mashine, na katika mstari wa pili siku ya kuisha imeandikwa kwa tarakimu sita ikianza na mwaka, kwa hiyo pasipoti ya mfanyabiashara wetu itasomeka 280319. Kubembeleza hakusaidii kitu hapo, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishwi fedha.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki hasa katika miaka hii. Kenya ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki Septemba 2017, na Tanzania ikafuata mwishoni mwa Januari 2018. Za mwanzo zilizotolewa kwa miaka 10 zinaisha muda kuanzia Septemba 2027 kwa Wakenya na mapema 2028 kwa Watanzania, maana yake kwa safari za Ghuba zinaanza kukosa nguvu miezi sita kabla ya hapo. Walioziomba kwa wingi wakati ule wataomba tena kwa wingi, na foleni haitakuwa fupi. Anayevuka mpaka kati ya Kenya, Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa anaweza kukaa miaka bila kuifungua pasipoti yake, na mtu wa namna hiyo ndiye hushtuka siku akipata mwaliko wa mbali.

Kupanga mapema, basi, ni kuhesabu kurudi nyuma. Anza na siku ya kurudi nyumbani, ongeza miezi inayodaiwa na nchi uendayo, kisha tazama kama pasipoti inafika. Isipofika, hati mpya itangulie kila kitu, kwa sababu pasipoti mpya huja na namba mpya, ilhali viza ya kielektroniki na kibali cha mtandaoni hufungwa kwenye namba ya hati iliyoombewa. Aliyeomba viza kwanza ndipo akabadilisha pasipoti huwa amelipia viza ya hati ambayo hatasafiri nayo. Wakati wa kuomba, majina kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa yalingane, kwani herufi moja iliyopotoka inaweza kula wiki kadhaa. Binafsi huuchukulia mwaka mmoja kabla ya tarehe iliyochapishwa kuwa ndio wakati wa kuanza, hata kama hakuna safari mezani. Hesabu pia kurasa tupu, maana anayeomba viza ya Schengen hudaiwa angalau mbili, na wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou, China, huzimaliza kurasa mapema kuliko miaka.

Familia zinazoishi Uingereza na Marekani ziangalie hati za watoto kando na za wazazi. Pasipoti ya mtoto wa chini ya miaka 16 huko hutolewa kwa miaka mitano, kwa hiyo baba, mama na mtoto walioomba siku moja hawamalizi muda siku moja. Kwa safari ya kuja likizo Mombasa au Zanzibar, sharti ni lilelile la miezi sita, kwani Kenya na Tanzania nazo huwadai wageni.

Pasipoti ya zamani usiitupe. Viza ya Marekani ambayo bado ni halali huendelea kutumika ikiwa ndani ya pasipoti iliyokwisha muda, mradi haijaharibiwa na mwenyewe asafiri na vitabu vyote viwili, cha zamani chenye viza na kipya chenye uhai.