Kwa nini yai baridi hushika moshi kuliko yai la moto?

Chukua mayai mawili ya kuchemsha yaliyomenywa, moja limetoka sasa hivi kwenye maji ya moto, jingine limelala kwenye friji usiku kucha. Yaweke pamoja ndani ya grili yenye kifuniko, kwenye moshi wa mti wa mtufaha, kwa dakika 20. Lile la friji litatoka na rangi ya chai ya maziwa. Lile la moto litakuwa limepauka, na harufu yake hafifu. Mti ni uleule na moshi ni uleule, ila yai moja lilikuwa baridi.

Kusini mwa Marekani, mayai ya kuchemsha yaliyokatwa nusu na kujazwa kiini kilichopondwa na haradali ni chakula cha sherehe, mikutano ya kanisani na mapumziko ya kando ya ziwa. Kwa Kiingereza huitwa mayai ya kishetani, kwa kuwa tangu karne ya 18 Waingereza walikuwa wakisema chakula chenye haradali na pilipili kali kimetiwa ushetani. Ndiyo maana makanisa mengine ya huko hukwepa jina hilo na kuyaita mayai ya kujazwa tu. Huko huko Kusini ndiko inakotawala babikyu, ambayo si nyama choma tunayoijua: nyama haikai juu ya makaa, hukaa pembeni, kwenye joto dogo na moshi, kwa saa nyingi. Jiko la namna hiyo likiwa linawaka tangu alfajiri, si ajabu mtu akaona pana nafasi ya kupenyeza na mayai.

Tukirudi kwenye ubaridi. Moshi wa kuni si hewa tupu. Umebeba mvuke wa kemikali na vijitone vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja. Mvuke ukigusa kitu baridi hugeuka umajimaji na kubaki pale pale, kama chupa ya soda inavyotoka jasho mezani siku ya joto Mombasa. Vile vijitone navyo husukumwa kutoka upande wa joto kwenda upande wa baridi. Kadiri yai linavyopata moto, kazi hiyo hupungua. Kwa hiyo robo saa ya kwanza ina thamani kuliko nusu saa inayofuata, na anayedhani ataongeza ladha kwa kuliacha yai saa nzima anaongeza ugumu tu.

Ubaridi una faida nyingine: yai lililotoka friji linaweza kukaa dakika 25 kwenye joto la nyuzi 95 bila kiini chake kupikwa upya.

Unyevu nao una sehemu yake. Ladha za moshi huyeyukia kwenye tabaka jembamba la maji juu ya ute mweupe, lakini tone zima la maji likibaki huteleza na kuacha mistari kama machozi. Futa kila yai kwa kitambaa safi, kisha liache bila kufunikwa kwenye friji kwa dakika 30, mpaka ukiligusa kidole kinanata kidogo.

Rangi ya kahawia inatoka wapi? Wanaopika nyama hujivunia pete ya waridi chini ya ngozi yake. Usiitafute kwenye yai: pete hiyo hutokana na gesi za moto kukutana na mayoglobini, protini ya misuli, na yai halina misuli. Kwenye yai, kemikali za moshi zinashikana na protini za ute na kuugeuza rangi. Mashikano hayo huenda haraka pale penye hali ya magadi, na ute wa yai ni miongoni mwa vyakula vichache vyenye hali hiyo. Yai likikaa siku kadhaa hupoteza hewa ya kaboni kupitia vitundu vya ganda, na pH ya ute, yaani kipimo cha uasidi na umagadi, hupanda kutoka karibu 7.6 hadi kupita 9. Mabadiliko hayohayo ndiyo yanayofanya yai la wiki moja limenyeke vizuri, wakati la leo asubuhi hutoka na mashimo kama mwezi.

Basi nunua mayai 12 makubwa wiki moja kabla. Usiku wa kuamkia siku ya kupika, yalaze ubavu ili kiini kisiegemee upande mmoja. Yatumbukize taratibu kwenye maji yanayochemka tayari, si ya baridi, maana joto la ghafla huuachanisha ute na utando wa ganda. Dakika 11 zinatosha pwani. Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, ongeza dakika moja au mbili. Ukizidisha sana, salfa ya ute hukutana na chuma cha kiini na kuacha duara la kijanikijivu. Halina madhara, lakini rangi ya ujazo huharibika. Yatie kwenye maji ya barafu dakika 15, menya, weka kwenye friji.

Sasa moto, ambapo ndipo wengi huharibu. Panga makaa upande mmoja tu wa grili, mayai upande wa pili, na tundu la juu la kifuniko liwe juu ya mayai ili moshi uyapitie ukitoka. Lenga nyuzi 90 hadi 105. Kipande kimoja cha mti mkavu, ukubwa wa ngumi, kinatosha kabisa. Wamarekani hupenda mtufaha na mcheri kwa mayai. Hikori, mti mgumu wa huko Marekani, ni nzuri lakini ina nguvu, ipunguze nusu. Afrika Mashariki mpera mkavu unafaa sana, na mchungwa pia. Mkaratusi na msonobari viache kwa kazi nyingine, na mbao zenye rangi au dawa usizikaribishe kabisa jikoni.

Subiri kabla ya kuweka mayai. Mti ukianza kushika hutoa moshi mweupe mzito, ishara kwamba haujapata hewa ya kutosha, na moshi huo una masizi na uchungu. Fungua matundu ya hewa hadi ubaki moshi mwembamba wa bluu unaoonekana kwa shida. Bega la nguruwe lenye mafuta na viungo linaweza kusamehe moshi mchafu. Ute wa yai hausamehe, kwa kuwa karibu asilimia 90 yake ni maji na hauna mafuta wala ladha kali ya kuuficha uchungu. Kuloweka mti majini, desturi inayoshikiliwa sana, hakusaidii: maji lazima yageuke mvuke kwanza, moto unapoa, na moshi mweupe unarudi.

Fukiza mayai mazima kwa dakika 20 hadi 30. Ukiyakata kabla, kiini hukauka juu na kutoa chembe ngumu zitakazoziba ncha ya mfuko wa kujazia. Zaidi ya hayo, yai zima likikatwa baadaye huonyesha ukingo wa kahawia na ndani meupe, na uzuri wote wa sahani uko hapo. Yakipita dakika 40, au joto likivuka 120, ute hupoteza maji na kuwa na ngozi ya mpira.

Shida moja inabaki. Moshi huingia milimita chache tu, haufiki kwenye kiini, na ujazo wako hauna moshi wowote. Dawa ni siagi. Ladha nyingi za moshi hupenda mafuta, hivyo weka gramu 15 za siagi kwenye kibakuli kando ya mayai. Itayeyuka na kunywa moshi, nawe utaiacha ipoe hadi ilainike kama ya kupaka mkate. Ikiingia kwenye ujazo hufanya kazi ya pili: huganda kwenye friji, na ujazo unasimama bila kumwagika.

Pitisha viini 12 kwenye chujio. Changanya na siagi hiyo, mayonezi gramu 80, haradali ya njano vijiko viwili vya chai, siki ya tufaha kijiko kimoja cha chai, chumvi robo kijiko na pilipili ya unga kidogo. Ujazo ukiwa mzito mno ongeza mayonezi kijiko kimoja kimoja. Usiongeze maji.

Na sosi ya babikyu? Hapa watu humimina ile nyekundu tamu ya mtindo wa Kansas City ndani ya viini, kisha wanashangaa ujazo umekuwa mwepesi na rangi ya udongo wa mfinyanzi. Sosi hiyo ni nyanya, molasi na maji. Mahali pake ni tone moja juu ya yai. Ya kuchanganya ndani ni ile ya haradali ya Carolina Kusini, maana haradali imo tayari: tumia kijiko kimoja cha chakula, na upunguze haradali ya kawaida kwa nusu. Chaguo jingine, na pengine bora kuliko yote, ni sosi nyeupe ya Alabama, ambayo mpishi wa babikyu Big Bob Gibson alianza kuwapaka kuku wa moshi mjini Decatur mwaka 1925. Ni mayonezi, siki na pilipili manga, yaani nusu ya ujazo wa yai umeshafanyiwa kazi. Aliyewahi kula mayai pasua ya barabarani Nairobi, yaliyojazwa kachumbari na pilipili, ataelewa upesi kwa nini siki ni ya lazima: kiini ni kizito mdomoni, kinahitaji kitu cha kukikata.

Juu yake nyunyizia paprika ya moshi na punje chache za sukari guru, au kipande kidogo cha nyama ya ng'ombe ya kufukizwa iliyokaangwa ikakauka. Nyunyizia wakati wa kuandaa tu, kwani sukari huvuta maji na kuacha madoa. Mayai mazima yaliyofukizwa yakilala usiku mmoja kwenye chombo kilichofunikwa, ukali wa moshi hutulia, kwa hiyo fukiza leo, jaza kesho. Yakishajazwa yasikae mezani zaidi ya saa mbili, na kwenye joto linalopita nyuzi 32 iwe saa moja. Njia rahisi ni kujaza trei ya chini kwa barafu na kuweka sahani ya mayai juu yake.