Si kompyuta inayoamua ndege ipi ipae kwanza

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya hapa Mombasa, ukiwa na alama ya kusambazwa mara nyingi: eti kwenye viwanja vikubwa huko ng'ambo kompyuta ndiyo huruhusu ndege kupaa, mnara wa kuongozea ndege hauna mtu, na shirika likilipa zaidi hupewa nafasi ya mbele.

Sivyo. Viwanja vyenye msongamano, mfano Heathrow ya London yenye njia 2 tu za kurukia, hutumia programu inayopanga foleni. Hutazama ukubwa wa ndege, uelekeo wake na muda wa kutoka langoni hadi njia ya kurukia, kisha hupendekeza mpangilio. Mwongozaji aliye mnarani huufuata au huubadilisha, na ruhusa ya kupaa huitoa yeye, kwa sauti yake, redioni.

Mbona basi uliyetangulia kufunga mkanda unapitwa? Ndege nzito kama Boeing 777 huacha nyuma yake upepo wa kuzunguka, na ndege ya wastani inayoifuata husubiri kama dakika 2. Kwa hiyo hupangwa kwa makundi, kama magari pale feri ya Likoni: lori na tuktuk haziingii kiholela. Ukiwa kitini bila kujua hayo, utadhani kuna hongo.

Fungua programu ya simu inayoonyesha safari za ndege, utazame foleni dakika 20. Mashirika huchanganyika, si moja linalotangulia kila mara. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiupeleke mbele.