Kamba ya Mguuni: Ziwani Ifunge, Mtoni Ifungue

Jinja, mji wa Uganda ulio pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, mtu anaweza kuanza kupiga kafi ziwani na kumalizia mtoni bila kushuka chomboni. Ndiyo raha ya pale, na ndiyo hatari yake.

Nianze na ubao. Anayepiga kafi akiwa amesimama ubaoni hufungwa kamba kifundoni, ncha ya pili ikiwa kwenye ubao. Ziwani usiivue. Ukianguka, upepo husukuma ubao haraka kuliko unavyoogelea, na ubao huo ndio boya lako kubwa. Maji yakianza kutiririka, mambo hugeuka. Kamba hiyohiyo ikinasa kwenye mzizi, tawi lililozama au nguzo, mkondo unakuvuta huku kamba imekushikilia, kichwa kikiwa chini ya maji. Kwa nguvu ile hujikunji ukafikia kifundo, hata uwe hodari namna gani. Mtoni funga kamba kwenye mkanda wa kiunoni wenye kishikizo kinachofyatuka kwa mvuto mmoja. Kama huna mkanda huo, baki ziwani.

Lakini utajuaje kwamba umeshaingia mtoni? Zamani mpaka ulijitangaza wenyewe: maporomoko ya Ripon, aliyoyafikia John Hanning Speke Julai 1862, yalinguruma. Bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilipozinduliwa mwaka 1954, maporomoko yalimezwa na maji. Leo hakuna ngurumo ya kukuonya. Tazama gugu maji linaloelea: likisafiri upande mmoja wakati hakuna upepo, mkondo umekuchukua, na huko unakoelekea kuna bwawa la umeme. Geuka ukiwa bado na nguvu mikononi.

Ziwani adui ni upepo. Usiku hadi alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, mchana hugeuka. Anayetoka mapema hukuta maji ya ukingoni yametulia kama mafuta, kwa kuwa kilima na miti vimeyakinga, na kila anavyosogea mbali upepo unamsaidia. Kurudi ndiko kunakomshinda. Mimi huwasihi wote: anza kwa kupiga kafi dhidi ya upepo, ili ukichoka ukurudishe. Upepo ukizidi, piga magoti ubaoni. Ukisikia radi, toka majini.

Kayaki, yaani mtumbwi mwembamba unaoupiga kafi ukiwa umekaa, ikipinduka ziwani, ishikilie, usiiache ukajaribu kuogelea hadi nchi kavu. Mtoni lala chali, miguu juu ikitangulia mkondo; usijaribu kusimama, mguu utanasa kwenye mawe. Na jaketi la kujiokolea livaliwe, lisifungwe mbele ya chombo kama mzigo.

Kaa mbali na matete, maskani ya viboko. Maji tulivu yenye majani ndimo wanamoishi konokono wa kichocho pia. Jikaushe kwa taulo mara utokapo, na baada ya wiki kadhaa nenda ukapime, hata kama hujisikii mgonjwa. Dawa ipo, ni prazikwanteli.

Kabla ya kushusha ubao, simama ufukweni, fumba macho, vuta kile kishikizo cha mkanda wa kiunoni kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto. Rudia mpaka mkono ukifikie bila kupapasa.